Yai la huyu, tumbo la yule: mtoto ni wa nani?

Kila mtu maarufu anapotangaza kwamba amepata mtoto ilhali hakuna aliyemwona na tumbo, mitandaoni huzuka malumbano yaleyale. Kuna wanaompongeza, kuna wanaosema mtoto kanunuliwa, kuna wanaouliza kama mtoto huyo ana damu ya aliyembeba, na hakosekani wa kumtaja Hajiri aliyemzalia Ibrahimu. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Huyu ana picha ya kuasili kichwani, yule ya kupandikiza mimba, mwingine ya biashara ya watoto. Basi tuanze kwa kutenganisha.

Kubebewa mimba ni makubaliano yanayofanywa kabla mimba haijatungwa, kwamba mwanamke fulani atabeba ujauzito na kujifungua, na mtoto atakayezaliwa atakuwa wa mtu au watu wengine. Anayebeba huitwa mama mbadala. Wanaomsubiri mtoto tuwaite wazazi watarajiwa. Uzito wa maelezo hayo uko kwenye "kabla". Mwanamke aliyepata mimba yake mwenyewe, akajifungua, kisha akampa dada yake mtoto amlee, si mama mbadala. Huko ni kulea, au kuasili kama sheria imehusishwa. Na yale magenge yanayowafungia wasichana wajawazito ndani ya nyumba na kuuza watoto wao, ambayo polisi wa Nigeria wamewahi kuyavamia mara kadhaa, hayo ni usafirishaji haramu wa binadamu, hata kama wahusika watajipachika jina la kliniki.

Kupandikiza mimba nako, ambako wengi hukujua kwa kifupi cha IVF, ni mbinu ya kitabibu tu: yai hurutubishwa maabara, kiinitete kinachotokea huwekwa ndani ya mji wa mimba. Wanawake wengi wanaopandikizwa hubeba watoto wao wenyewe. Mtoto wa kwanza kupatikana kwa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978.

Kabla ya hapo, mtu akitaka kubebewa mimba alikuwa na njia moja: mama mbadala atumie yai lake mwenyewe. Mtoto alikuwa wake kwa yai na kwa tumbo, na tofauti yake na Hajiri ilikuwa ni kwamba mbegu ya mwanamume iliingizwa kwa kifaa. (Tena Hajiri, kwa mujibu wa simulizi yenyewe, alikuwa mtumwa wa Sara. Wanaomleta kama ushahidi kwamba jambo hili ni la kale na halina neno wangefanya vyema kusoma sura hiyo mpaka mwisho.) Maabara zilipoanza kufaulu, miaka ya 1980, likawezekana jambo ambalo halijawahi kuwapo duniani: yai la mwanamke mmoja kukua tumboni mwa mwanamke mwingine. Siku hizi hiyo ndiyo njia inayotumika sana, na ndiyo iliyovuruga sheria za familia.

Kuhusu damu na sura

Swali linaloulizwa kuliko yote ni kama mtoto atafanana na aliyembeba. Kama yai si lake, hatamrithi sura, wala kundi la damu, wala ugonjwa wa kurithi. Hivyo vyote vimeandikwa kwenye yai na mbegu. Damu ya mama na ya mtoto, kwa kawaida, hupita kila moja kwenye njia yake ndani ya kondo la nyuma. Hubadilishana chakula, hewa na taka bila kuchanganyika zenyewe.

Lakini wale wanaosema mama mbadala ni chombo tu nao wamekosea, tena sana. Anachokula, dawa anazotumia, shinikizo lake la damu, sukari yake, maambukizi aliyonayo, vyote humfikia mtoto. Watu hupenda kueleza jambo hili kwa mfano wa shamba la kukodi: mbegu zangu, shamba lako, mavuno yangu, wewe chukua kodi yako. Mfano huo unasaidia kwa hatua moja, kuonyesha kwamba zao hufuata mbegu. Baada ya hapo unapotosha. Shamba halipati kifafa cha mimba. Halifanyiwi upasuaji, halivuji damu likafa, wala halirudi nyumbani na maziwa yanayotoka bila mtoto wa kunyonya.

Hatari hizo zina takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliopitia uzazi katika jimbo la Ontario nchini Kanada kati ya 2012 na 2021, ulikuta kwamba matatizo makubwa ya kiafya ya uzazi yaliwapata asilimia 7.8 ya wanawake waliobeba mimba ya mayai yasiyo yao kwa ajili ya wengine. Kwa waliopandikizwa mimba zao wenyewe ilikuwa asilimia 4.3, na kwa waliopata mimba bila msaada wa kitabibu asilimia 2.3. Hiyo ni Kanada, ambako mjamzito hutibiwa bure na hospitali za kisasa zipo. Kuna jambo jingine linaloongeza hatari, nalo mara nyingi ni uamuzi wa watu: kuweka viinitete viwili kwa mpigo ili wazazi watarajiwa waliolipa fedha nyingi wasitoke mikono mitupu, au wapate pacha kwa gharama moja. Mimba ya pacha ni hatari zaidi kwa mama na kwa watoto, na tumbo linalobeba hatari hiyo si la aliyeiomba.

Nani hubebewa, na kwa nini

Dhana kwamba hili ni jambo la matajiri wanaoogopa kuharibu umbo inavuma kwa sababu watu maarufu ndio wanaoonekana. Ukiingia kwenye vyumba vya madaktari utakuta watu wengine. Kuna wanawake waliozaliwa bila mji wa mimba. Hali hiyo humpata takriban mwanamke mmoja kati ya 5,000. Kuna walioondolewa kizazi kwa sababu ya kuvuja damu wakati wa kujifungua, au kwa sababu ya saratani. Kuna wenye maradhi ya moyo walioambiwa na daktari kwamba mimba itawaua. Katika nchi zinazoruhusu, wamo pia wanaume wasio na mke na wapenzi wa jinsia moja. Afrika Kusini sheria yake inadai kwamba mtu awe hawezi kuzaa na hali hiyo iwe ya kudumu, isiyoweza kurekebishwa. India nayo inataka cheti cha kitabibu. Kuogopa michirizi ya tumbo hakutakupitisha huko.

Hata hivyo sitaki kuligeuza hili kuwa hadithi ya huruma tupu. Uchungu wa kukosa mtoto ni wa kweli, na uchungu huohuo ndio unaomfanya mtu asiulize maswali kuhusu mwanamke aliye upande wa pili wa mkataba.

Mama watatu, cheti kimoja

Kwa karne nyingi sheria za Ulaya zilifuata kanuni ya Kirumi kwamba mama hana utata: ni yule aliyeonekana akizaa. Aliyekuwa akitafutiwa ushahidi ni baba. Teknolojia ikaja ikaugawa umama vipande vitatu: mwenye yai, mwenye tumbo, na mwenye nia ya kulea. Vipande hivyo vinaweza kukaa kwa wanawake watatu tofauti. Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya mama mmoja. Kila nchi ikachagua kipande chake, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mtoto anaweza kuzaliwa katika nchi inayosema mama ni huyu na kupelekwa katika nchi inayosema mama ni yule.

Uingereza ilichagua tumbo. Aliyejifungua ndiye mama kisheria, hata kama yai si lake, na mumewe anaweza kuhesabiwa baba. Wazazi watarajiwa huomba amri ya mahakama ya kuwahamishia uzazi, na ridhaa ya mama mbadala haikubaliki kabla ya wiki sita kupita tangu ajifungue. Mkataba wenyewe hauna nguvu mahakamani. Ndivyo ilivyo tangu sheria ya 1990. California ilichagua nia: katika uamuzi wa mwaka 1993 mahakama kuu kabisa ya jimbo ilisema kwamba pale mwenye yai na mwenye tumbo wote wana hoja, mama ni yule ambaye tangu mwanzo alikusudia mtoto huyo azaliwe amlee. Afrika Kusini na Ugiriki zikapita njia ya tatu, ambayo binafsi naiona ina akili kuliko zote: jaji auone mkataba kabla mimba haijawekwa, aulize maswali, na akiridhika wazazi watarajiwa wawe wazazi tangu siku mtoto anapozaliwa.

Afrika Kusini imefafanua hata yale ambayo watu huona aibu kuyauliza. Mama mbadala aliyetumia yai lake mwenyewe anaweza kubadili mawazo mpaka siku 60 baada ya kujifungua; asiyetumia yai lake hawezi. Uamuzi wa kutoa mimba, pale sheria ya nchi hiyo inaporuhusu, ni wake yeye, ingawa anatakiwa kwanza kuwaarifu na kushauriana na wazazi watarajiwa. Na lazima angalau mmoja wa wazazi hao awe ametoa yai au mbegu. Sharti hilo la mwisho lilipingwa hadi Mahakama ya Katiba, nayo mwaka 2016 ikaliacha libaki.

Siku mambo yanapoharibika

Mikataba hii huandikwa na watu wenye furaha. Kila mmoja anatarajia mimba ikae, mtoto awe mmoja na mzima, wazazi wabaki pamoja, mipaka ibaki wazi. Mimi nadhani ubora wa sheria hauonekani hapo. Huonekana siku mojawapo ya hayo inapokosekana, na historia imetupa mifano ya kutosha.

New Jersey, Marekani, 1986. Mwanamke alikubali kubeba mimba kwa dola 10,000, yai likiwa lake. Mtoto wa kike alipozaliwa, akashindwa kumwachia. Kesi ilifika mahakama ya juu ya jimbo, ambayo mwaka 1988 iliamua kwamba mkataba wa kulipwa kwa kuachia mtoto ni batili, unakaribia kununua mtoto. Kisha, ikitazama maslahi ya mtoto, ikampa baba malezi, na mama akabaki na haki ya kumtembelea. Kesi hiyo ndiyo iliyowafanya wanaoshughulika na mambo haya waikimbie njia ya kutumia yai la mama mbadala. Jimbo lilelile lilikuja kuruhusu kubebewa mimba ya yai lisilo la mbebaji, kwa sheria ya 2018.

India, 2008. Mume na mke kutoka Japani walifunga mkataba huko, yai likitoka kwa mchangiaji. Wakatalikiana kabla mtoto hajazaliwa. Mke akasema mtoto si wake, na kweli hakuwa wake kwa yai wala kwa tumbo. Mama mbadala naye kazi yake ilikuwa imekwisha. Baba alimtaka mtoto, lakini sheria ya India haikumruhusu mwanamume asiye na mke kuasili mtoto wa kike, na bila mama hapakuwa na hati ya kusafiria. Mtoto akawa na watu watatu wanaoweza kuitwa mama, na kisheria hakuna hata mmoja. Bibi yake mzaa baba alilazimika kusafiri kwenda India kumtunza wakati mahakama na ofisi za serikali zikitafuta pa kushika. Mtoto aliondoka miezi kadhaa baadaye, kwa hati maalumu na viza ya kibinadamu ya Japani.

Mwaka huohuo walizaliwa pacha wa baba Mjerumani katika jimbo la Gujarat. Ujerumani haitambui makubaliano ya kubebewa mimba, kwa hiyo ikasema hao si raia wake. India ikasema baba yao ni mgeni. Watoto hao walikaa bila uraia wowote mpaka mwaka 2010, walipopatiwa njia ya kuondoka ili waasiliwe.

Thailand, 2014. Wanandoa wa Australia waliondoka na mmoja wa pacha, msichana, na kaka yake aliyezaliwa na ulemavu wa Down akabaki na mama mbadala. Kila upande ulikuwa na maelezo yake, na mahakama ya Australia baadaye haikukubali kwamba mvulana huyo alitelekezwa kwa namna ilivyotangazwa mwanzoni. Lakini dunia ilikuwa imeshauliza swali ambalo mkataba haukulijibu: mtoto asipokuwa kama alivyotarajiwa, ni wa nani? Mwaka uliofuata Thailand ikawafungia milango wageni.

Nepal, Aprili 2015, tetemeko la ardhi. Israeli ilipeleka ndege kuwaondoa watoto wachanga waliobebwa kwa ajili ya raia wake. Picha za watoto wakishushwa uwanja wa ndege zilizunguka duniani, na watu wakaanza kuuliza kuhusu wanawake waliobaki, wengine wakiwa bado na mimba. Nepal ikapiga marufuku mwaka huohuo.

Ukraina imepata majanga mawili. Mei 2020, mipaka ikiwa imefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kliniki moja ya Kyiv ilitoa video ya watoto wachanga 46 wakiwa wamepangwa safu kwa safu kwenye vitanda vidogo ndani ya hoteli, wauguzi wakiwapa chupa, wazazi watarajiwa wakiwa wamekwama nje ya nchi. Kliniki ilitaka serikali za nchi za wazazi hao ziharakishe vibali. Watazamaji wengi waliona ghala. Miaka miwili baadaye vita ikaja, na watoto wengine wakalelewa kwenye handaki huku makombora yakianguka juu.

Na Kamboja, 2018, waliokamatwa walikuwa kina mama mbadala wenyewe, zaidi ya 30, wakiwa na mimba za wateja wa kigeni. Walishtakiwa kwa usafirishaji haramu wa watu. Waliachiwa kwa sharti la kuwalea watoto hao kama wao. Hapo sheria iliyoandikwa kwa madai ya kuwalinda wanawake masikini iliwatia ndani wanawake masikini. Wateja hawakuwapo kizimbani.

Ukiyapanga matukio hayo kwa miaka utaona biashara ikihama. India ilipowabana wageni wasio na ndoa kwa masharti ya viza, wateja wakaelekea Thailand na Nepal. Huko kulipofungwa wakaenda Kamboja, kisha kwingine. Mawakala walihama na simu zao.

Hisani au ujira

Serikali nyingi zimejaribu kupita katikati kwa kusema: beba kwa hisani, usilipwe. Uingereza inaruhusu kurudishiwa gharama zinazostahili. Kanada inamtishia anayelipa kwa faini ya hadi dola 500,000 za huko na kifungo cha hadi miaka 10. India, baada ya miaka ya kuwa soko kubwa la dunia, ilipitisha sheria ya 2021 inayoruhusu hisani tu, na kwa Wahindi: mama mbadala awe na umri wa miaka 25 hadi 35, awe ameshaolewa na ana mtoto wake, abebe mara moja tu maishani, na akatiwe bima ya miezi 36.

Hoja ya kukataza malipo inaeleweka. Watafiti wa masuala ya jamii waliofika Anand, mji wa Gujarat uliokuwa kitovu cha biashara hii, walikuta wanawake wakikaa mabwenini miezi ya mimba mbali na familia zao, na mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza ambacho wengi wao hawakukisoma. Tofauti ya kipato kati ya anayebeba na anayelipa ilikuwa kubwa kiasi kwamba kusema "amekubali kwa hiari" kulihitaji ujasiri. California, ambako bili yote hupita dola 100,000 kwa urahisi na mama mbadala huwa na wakili wake, "hiari" ina maana nyingine.

Lakini hisani ina kivuli chake pia. Daktari analipwa, wakili analipwa, maabara inalipwa, na anayehatarisha maisha ndiye pekee anayeambiwa kuwa fedha itamchafua. Shinikizo nalo haliondoki, linahamia ndani ya familia. Mke mdogo wa ukoo, au dada asiye na kauli, anaweza kuombwa kwa namna ambayo hawezi kukataa, na hapo hakuna mkataba wala jaji wa kumuuliza faragha kama kweli anataka. Ugiriki inakataza biashara na inamtaka jaji aidhinishe mapema, na bado Agosti 2023 polisi walivamia kliniki moja huko Chania, kisiwani Krete, kwa tuhuma za kuwanyonya wanawake wa kigeni waliotumiwa kubeba mimba. Sheria nzuri bila mkaguzi huishia kwenye karatasi.

Wanaopinga kabisa

Katika upinzani hukutana watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja. Papa Francis, akiwahutubia mabalozi Januari 2024, alitaka marufuku ya dunia nzima. Reem Alsalem, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, alitaka hivyohivyo katika ripoti yake ya 2025, kwa hoja za unyonyaji wa wanawake na watoto. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanalikataa kwa sababu linaingiza mtu wa tatu ndani ya ndoa na kuvuruga nasaba. Iran ya Kishia inaruhusu. Na watetezi wengine wa haki za wanawake wanauliza kwa nini mwanamke aaminiwe kuamua kila jambo kuhusu mwili wake isipokuwa hili.

Italia, iliyokataza tangu 2004, ilikwenda mbali zaidi Oktoba 2024: raia wake akibebewa mimba hata katika nchi inayoruhusu, anaweza kushtakiwa nyumbani, kifungo hadi miaka miwili na faini hadi euro milioni moja. Baadhi ya majimbo ya Australia yalikuwa tayari na sheria za namna hiyo kwa wanaolipa nje ya nchi.

Tatizo la marufuku linaonekana mtoto akishafika. Ufaransa ilikataza tangu 1994, na wanandoa wake wakaenda Marekani, wakarudi na watoto ambao Ufaransa ilikataa kuwaandika. Mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Ufaransa ina uhuru wa kukataza tendo lakini imevunja haki ya watoto kwa kukataa kutambua uhusiano wao na baba yao wa damu. Mtoto hakutia saini mkataba wowote. Kumnyima karatasi ili kuwatia adabu wazazi ni kumpiga asiyehusika, na mahakama hiyo ililiona hilo mapema kuliko wanasiasa wengi.

Mkataba wa kimataifa wa kupatanisha haya yote haupo. Wataalamu wanaokutana The Hague wamelijadili kwa miaka, na kikwazo ni kilekile: nchi inayoliita kosa la jinai haitaki kutia saini waraka unaoonekana kulibariki.

Barani Afrika, ukiitoa Afrika Kusini, hatua zimekuwa za vipande. Ghana iligusia usajili wa watoto wa namna hii katika sheria yake ya vizazi na vifo ya 2020. Rwanda iliruhusu kubebewa mimba katika sheria ya huduma za afya iliyopitishwa 2025. Kenya imeishi miaka mingi na kliniki zinazotoa huduma hii bila sheria mahsusi, huku muswada ukienda na kurudi bungeni. Matokeo yake yalionekana katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014. Pacha walizaliwa na mama mbadala. Hospitali ikakwama kwenye fomu, isijue iandike jina la nani penye nafasi ya mama. Idara ya watoto ikaitwa, na watoto wakachukuliwa kupelekwa kwenye makao, ingawa aliyewazaa na waliowasubiri hawakuwa na ugomvi wowote kati yao. Mahakama iliona haki zao zimekiukwa, na ikakumbusha kwamba kutunga sheria ni kazi ya Bunge.

Anayefikiria njia hii leo, basi, ana maswali ya kuuliza kabla ya swali la bei. Katika nchi atakakozaliwa mtoto, cheti kitaandikwa jina la nani? Nchi atakakolelewa italitambua jina hilo? Mama mbadala ana wakili asiyelipwa na kliniki ileile, na mkataba kwa lugha anayoisoma? Nani atamtibu akiugua miezi mitatu baada ya kujifungua? Mimba ikiharibika mwezi wa tano, atadaiwa nini? Wazazi wakifa au wakiachana, nani amchukue mtoto? Kliniki inayokwepa maswali haya inakuwa imeshayajibu.

Swali moja huwa halimo kwenye mkataba wowote kwa sababu atakayeliuliza hajazaliwa: nilitoka wapi? Pale ambapo yai lilichangiwa kwa siri na tumbo lilikuwa la mwanamke wa nchi ya mbali, jibu huweza kuwa limefungiwa kwenye kabati la kliniki iliyokwisha kufungwa. Uingereza huwaruhusu watoto hawa, wakifika miaka 18, kuomba cheti chao cha kwanza cha kuzaliwa, kile chenye jina la mwanamke aliyewabeba.